Spageti Mbili na Firigisi Moja

— Bonjour, monsieur. Bonjour, madame. Karibuni mezani.

Niliijua sauti ile kabla sijainua macho. Nilikuwa nimeinama nakamua pindo la kitenge changu, maji ya mvua yanachuruzika sakafuni, na mikono ikaganda pale pale. Nikainua kichwa polepole, nikimwomba Mungu iwe sauti ya kufanana tu.

Alikuwa baba yangu.

Alisimama mlangoni na sahani mbili za spageti, moja kila mkono, aproni nyeupe kifuani, mabega yamelowa kwa kuvuka uwanja kutoka jikoni. Akaniona. Sahani ya kushoto ikayumba, sosi ikafika ukingoni, lakini haikumwagika. Mzee Zéphirin hajawahi kumwaga sahani ya mtu maishani mwake.

Na mimi binti yake, mtoto wake wa pekee, nilifanya nini? Niligeuza uso, nikamwambia mchumba wangu:

— Chéri, hii mvua itaisha kweli?

Ngoja nikueleze, maana usipojua ubaya wenyewe utanihurumia bure. Kwa Blaise, baba yangu alikuwa marehemu. Mimi ndiye niliyemuua, kwa mdomo wangu, sebuleni kwa mama yake.

Mimi ni muuguzi hapa Kasongo. Blaise ni fundi wa sola na mafriji ya chanjo. Alikuja kutengeneza friji ya kituo chetu, akaitengeneza siku tatu kazi ya saa moja, na siku ya tatu akaomba namba yangu. Miezi michache baadaye akanipeleka kwao. Mama yake, Mama Sarah-Grâce, mkubwa wa kikundi cha wamama parokiani, aliniuliza swali ambalo kila mama wa mji huu angeuliza:

— Na baba yako, anatumikaka wapi?

Nikatazama ukuta. Palikuwa na picha ya marehemu mumewe, karani mkuu wa mahakama, na tai na miwani. Nikamwona baba yangu na aproni yake. Nikakumbuka shule ya masista, wasichana wakiimba "mutoto wa boyi, mutoto wa boyi", yaani mtoto wa mtumishi, kila baba alipokuja Jumapili na kibakuli chake cha chakula. Mdomo ukajibu wenyewe:

— Baba alikufaka, Mama. Zamani.

Mama yule alinikumbatia mpaka nikakosa pumzi. Wiki hiyo hiyo akaomba misa kwa ajili ya roho ya baba yangu. Nilikaa benchi la mbele, nimevaa nyeusi. Padri akalitaja jina zima, Zéphirin, na mimi nikalia. Watu wakaona ni uchungu wa yatima. Ilikuwa aibu, tena aibu ya kukufanya utamani benchi lipasuke likumeze.

Na baba mwenyewe? Yuko hai, ana simu, ananiandikia kila Jumapili. Nilimhifadhi kwenye simu kwa jina la "Zeph Savon", ili Blaise akiona afikiri ni muuza sabuni. Mwezi wa nane aliniandikia: "Nimepata kazi mupya kwa auberge moja. Iko karibu na kwetu. Nitakuelezea muzuri." Nilijibu "Ok Papa". Sikuuliza wapi. Kichwani mwangu alikuwa bado upande wa Kongolo, mbali, ambako hakuna mtu anayenijua.

Kisha Blaise akaja na wazo lake.

— Siku yako ya kuzaliwa nakupeleka pahali. Usiulize wapi.

Tulipanda pikipiki alfajiri. Tulipofika njia panda akaniambia tunaenda Kabambare, kwa auberge, nyumba ya wageni ya mama mmoja anayeitwa Mado, kula chakula cha Kitaliano. Neno auberge lilinikumbusha ujumbe wa baba, kisha nikajituliza: auberge ni nyingi, na baba yuko Kongolo. Mvua ikatukamata njiani. Mara mbili tulisukuma pikipiki kwenye tope hadi magotini. Tukafika saa nane mchana tumelowa kama kuku, tunacheka, na Blaise akaagiza spageti mbili, na kuku baadaye, kabla hata ya kuvua koti.

Sasa spageti zimefika, na aliyezileta unamjua.

Baba aliweka sahani ya Blaise, akaweka yangu. Kisha, kabla sijavuta pumzi, akachukua uma na kisu, akazikata spageti zangu mara mbili, hivi na hivi, kama alivyokuwa akifanya tangu nikiwa na miaka minne. Nadhani mkono ulitangulia, akili ikafuata. Alipogundua akaachia kisu haraka.

Blaise akacheka.

— Papa! Mbona ya madame umekata kama ya mutoto?

— Samahani, monsieur. Ni mukono tu. Ilizoea.

— Haizuru. Mwenzangu wa kazi, Dady, alinisimulia weye. Alisema Kabambare kuko muzee anapika Kitaliano kuliko Wataliano. Ulijifunziaka wapi?

— Kwao wenyewe, monsieur. Walikuja kujenga daraja, mimi nilikuwa nawafulia nguo. Siku moja mupishi wao akashikwa na malaria. Ingeniere akaniambia, Zéphirin, ingia jikoni. Sijatokaka mupaka leo.

— Zéphirin? — Blaise akanigeukia, macho yamemng'aa. — Elsa, unasikia? Jina moja na marehemu Baba!

Uma ulinitoka mkononi, ukaanguka juu ya meza.

Baba aliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa:

— Marehemu nani, monsieur?

— Baba ya huyu muchumba wangu. Alikuwa Zéphirin pia. Alikufaka zamani. Mwaka jana tulimuombea misa pale Kasongo, Mama yangu ndiye aliomba.

Mvua ilikuwa inapiga bati kwa nguvu. Baba alinitazama. Alinipa nafasi, naapa. Alisimama pale muda mrefu kuliko mpishi anavyosimama mezani, akiningoja. Nami nilikuwa nahesabu miraba ya kitambaa cha meza.

— Pole sana, madame, — akasema mwishowe.

— Asante, Papa, — nikajibu.

Nililitamka "Papa" kama unavyomwita mzee yeyote wa barabarani.

— Na mali ya ndoa, monsieur, — baba aliuliza, akipangusa ukingo wa meza uliokuwa mkavu, — mutapeleka kwa nani, kama mwenyewe hayuko?

— Kwa mujomba yake, Papa Marcellin, Kasongo. Mwezi wa kumi na mbili.

— Marcellin.

— Unamujua?

— Hapana, monsieur. Narudilia tu jina.

Alimjua vizuri sana. Ni mdogo wa marehemu mama yangu, na alikubali uongo wangu shingo upande, nilipomlilia siku tatu.

Baba akafungua karton ya mvinyo mwekundu, ile inayopanda na wachuuzi kutoka Kalemie, akammiminia Blaise, akanimiminia mimi.

— Haina jina kubwa, monsieur, na bei yake kila mutu anaiweza. Lakini haidanganyi.

Akatoka, akaingia mvuani.

Blaise alikula kwa furaha ambayo ilizidi kunichoma. Alisifu nyanya, alisifu jibini ya Goma, alisifu majani ya kivumbasi ambayo baba huyachuma mwenyewe nyuma ya nyumba popote anapoishi. Alinywa mvinyo, akafumba macho.

— Elsa, kweli hii ni maisha. Mvua, meza, na weye. Kesho tunakula tena. Juu ya nini hukuli?

— Nakula.

— Unazungusha tu.

Simu yangu ikalia mezani. Kioo kikawaka: Zeph Savon. Nikaivuta haraka.

"Usilie mbele yake. Kula. Mimi sitasema kitu."

— Nani? — Blaise aliuliza.

— Muuza sabuni.

— Hata siku yako ya kuzaliwa anakusumbua? Mublokee huyo.

Nikaweka simu mapajani. Nikala. Baba alisema nile, nikala. Hicho ndicho kitu pekee nilichomtii siku ile.

Sahani ya pili ilipofika, mvua ilikuwa imezidi. Kuku, aliyepikwa kwa ule ule mvinyo wa karton, na nyanya na kitunguu saumu. Baba alileta sahani mbili, akaweka, akasema "bon appétit", akaondoka bila kumtazama mtu.

Blaise alipenyeza uma kwenye sosi, akainua nyama. Akasimama hapo hapo, uma hewani.

Ilikuwa firigisi. Nzima, imesafishwa, imechanjwa vizuri juu.

Kama wewe si mtu wa huku, hutaona kitu. Lakini kwetu firigisi si nyama ya mteja. Firigisi ni ya mwenye nyumba. Mwanamke akimpelekea mumewe kuku na firigisi haimo, ukoo unaweza kukaa kikao. Na siku baba anapomkubali mkwe, hasemi maneno mengi: anamwekea kwenye sahani firigisi ambayo ingekuwa yake yeye. Mkwe akiila, amepokelewa. Hotelini utapewa paja, utapewa kidari, hata shingo ukiwa na bahati mbaya. Firigisi hubaki jikoni.

— Mama Mado! — Blaise aliita.

Mama Mado alikuja na kicheko chake na kanga yake ya mauamaua. Ni mjane mnene, mwenye auberge, anayecheka kabla ya kujua kuna nini.

— Ninyi hapa munapatiaka wateja firigisi?

— Wateja! Mungu wangu, nani amekupatia ile? Papa Zéphirin? Hapana, hapana! Mimi mwenyewe patron, tangu mwezi wa nane, hajanipatiaka hata siku moja. Anasema firigisi iko ya mwenye jiko.

Akaenda zake, bado anacheka. Blaise hakucheka. Aliitazama firigisi. Akaitazama sahani ya spageti niliyoisukuma kando, zile zilizokatwa fupi fupi. Kisha akanitazama mimi, paji la uso, pua, masikio, kama fundi anavyoikagua friji.

— Elsa. Huyu mutu ni nani kwako?

— Mupishi.

— Nimeuliza ni nani kwako.

— Blaise, kula, inapoa. Amekosea tu.

— Muzee wa umri ile hakosei firigisi. — Aliongea chini, bila hasira, na hilo lilinitisha zaidi. — Nikiikula, ni kusema kuko baba amenipokea. Nikiiacha, ni kusema nimemukataa. Na mimi siwezi kukula firigisi ya mutu aliyekufa. Basi uniambie, nifanye namna gani.

Hapo ndipo nilipopewa nafasi ya pili. Mtu mwenye akili angeishika. Mimi nilifungua mdomo, nikaona picha ya karani mkuu na tai yake, nikaona wamama wa parokia, na nikasema:

— Ni kosa ya mupishi. Iache tu.

Baba alikuwa mlangoni. Alikuwa ameleta mkate.

Sijui alisikia kuanzia wapi, lakini hilo la mwisho alilisikia. Aliweka mkate mezani, akainama kidogo mbele ya Blaise.

— Ndiyo, monsieur. Ni kosa yangu. Uzee. Nipatie sahani nikubadilishie.

Akanyoosha mikono miwili. Kwenye kidole gumba cha kulia pana kovu la mafuta ya moto. Lilimpata siku ya komunyo yangu ya kwanza, akinikaangia mandazi ya kugawia darasa zima ili waache kuimba. Waliyala mandazi yote, na Jumatatu wakaimba tena. Nililitazama kovu lile likishika ukingo wa sahani, likiibeba lawama yangu jikoni pamoja na sosi, na kitu ndani yangu kikakatika.

Nikaishika sahani upande wa pili.

— Papa, acha.

— Madame, tafazali...

— Usiniite madame! — Nilipiga kelele mpaka kicheko cha Mama Mado kikakatika huko nje. — Blaise, huyu ni baba yangu. Hakufa. Ni mimi nilimuua, juu ya kuona haya. Nilimuua na mudomo.

Sahani ilikuwa katikati yetu, mimi nimeshika huku, baba kule. Blaise akapangusa mdomo, akamuuliza baba, si mimi:

— Papa, ni kweli?

— Yeye ndiye amesema, mwanangu. Mimi leo nimesikia mengi. Sijui tena kama niko hai ao nimekufa.

Blaise akasimama. Alinigeukia, na mpaka leo nikifumba macho nauona uso ule.

— Elsa, usifikiri nimekasirika juu ni mupishi. Mimi mwenyewe naingiza mikono kwa mafriji yenye kuoza. Ninauliza kitu moja. Umemuzika Papa yako juu ya aproni. Siku nitapoteza kazi, mimi utanizika wapi?

Alichukua kofia ya pikipiki, akatoka barazani. Nikasikia Mama Mado anamwambia:

— Unaenda wapi? Ile daraja ya mbao imebebwa na maji saa hii. Hata malaika akitaka Kasongo leo, atalala hapa.

— Basi unipatie chumba ingine, Mama. Ya peke yangu.

Baba alikuwa ameshachukua sahani na kutoka. Nilimfuata mvuani bila viatu. Jiko la Mama Mado ni kibanda cha matofali nyuma ya nyumba, moto wa kuni, masufuria yamening'inia, na kizingiti ambacho watu wa pale huita ofisi ya rezo, maana ni hapo tu simu inashika vizuri kwa kuongea. Nikapiga magoti hapo hapo.

— Papa, unisamehe.

— Simama. Tope itaharibu kitenge yako.

— Papa!

Alikuwa amenipa mgongo, anapanga kuni ambazo hazikuhitaji kupangwa.

— Ile misa, — akasema, — waliimba muzuri?

Nikasimama, tope magotini.

— Waliimba muzuri, Papa.

— Watu walikuwa wengi?

— Kanisa ilijaa.

— Haya. Mimi nilifikiriaka nitakufa kwa jiko ya wenyewe, na mutu wa kunilia hayuko. Kumbe niko na watu.

Kisha akageuka, na nikaona alikuwa analia. Baba yangu hajui kulia; machozi yanatoka tu, uso unabaki pale pale.

— Usidanganyike na masemi yangu, Elsa. Nimeumia. Nimeumia mupaka sijui nitaiweka wapi. Miaka yote nilisema, nitawapikia watu ili mutoto wangu awe mutu. Umekuwa mutu. Nikasema basi, hata kama hapigi simu, ni kazi mingi.

— Haikuwa kazi, Papa.

— Sasa najua. Kwa simu yako naitwaka nani?

Nikamwonyesha. Alisoma kwa taabu, simu ameiweka mbali na macho.

— Savon, — akasema. Akapumua puani, nusu ya kicheko. — Nilikuwa naogopa nitakuta kitu muchafu.

Nilibadilisha jina lile mbele yake, vidole vinateleza kwa maji ya mvua. Aliangalia mpaka nikamaliza. Halafu akaitoa firigisi kwenye sosi, akaipangusa, akaichoma na waya mdogo, akaitundika juu ya moto, kwenye moshi.

— Unafanya nini?

— Kwa moshi haitaharibika.

— Blaise ataenda, Papa. Kesho mvua ikikatika, ataenda.

— Akienda, nitakula mimi. Asipoenda, iko yake.

Mvua haikukatika. Kesho yake, Jumapili asubuhi, nilikuwa jikoni tangu kumepambazuka, naosha masufuria ya Mama Mado kwa majivu. Hakuna aliyeniambia nioshe. Nilitaka tu mikono yangu ifanye kazi ile niliyoidharau, na nikuambie kweli, ni kazi ngumu. Mgongo uliniuma kabla ya sufuria ya nne. Baba alikuwa anakanda unga wa tambi, anausukuma kwa chupa tupu. Hatukuongea sana. Aliniambia tu "ile ingine, chini yake bado", nami nikairudia.

Blaise akatokea mlangoni. Alikuwa na kofia ya pikipiki kichwani kwa ajili ya mvua, ameshika simu, sauti imefunguliwa.

— Mama iko anangoja. Mimi sikumuambia kitu. Sema weye.

Aliiweka simu juu ya kizingiti, kwenye ofisi ya rezo, akarudi nyuma hatua mbili.

— Allô? Elsa binti yangu? Mvua haijawamaliza huko?

Mikono yangu ilikuwa na majivu hadi viwikoni.

— Mama, baba yangu hakufa.

— Unasema?

— Nilikudanganya. Iko hai. Iko hapa mbele yangu. Ni mupishi kwa auberge ya Kabambare.

Nilidhani rezo imekatika. Kisha sauti ikarudi, ndogo, si ile ya mkubwa wa kikundi cha wamama.

— Elsa. Nilivaa nyeusi.

— Ndiyo, Mama.

— Nilisimama mbele ya wamama wote nikalia. Tena nililia kweli. Nilikuwa nakumbuka bwana yangu, nikasema huyu mutoto na mimi tumefiwa pamoja.

— Ndiyo, Mama.

— Juu ya nini?

— Niliona haya, Mama. Anapikiaka watu. Na ninyi muko watu wakubwa.

— Sasa haya iko na nani?

— Na mimi.

— Ndiyo. Ikae na weye kwanza. — Akapumua kwa nguvu. — Mupatie huyo muzee simu.

Baba alipangusa unga mikononi, akaishika simu kwa mikono miwili kama anavyoshika sahani.

— Allô, Mama. Hapa ni marehemu.

Blaise aligeuza uso upande, mabega yakatikisika. Huko Kasongo nako nilisikia mlipuko, kicheko au kilio, mpaka leo sijui.

— Papa Zéphirin, niko na haya, sijui niseme nini...

— Usione haya, Mama. Ninakushukuru kwa ile misa. Tutaiweka akiba, kwani ipo siku itafaa.

— Papa, unisikilize. Mwezi wa kumi na mbili tunakuja kwako. Hatuendi kwa Marcellin. Kama nyumba yako ni hiyo jiko, tutakaa jikoni.

— Mutakaribia, Mama.

— Lakini huyo binti yako, mbele ya ile siku, atasimama kwa kikundi ya wamama, pale pale nilisimama mimi. Atasema yote na mudomo yake. Mimi sitasema kwa nafasi yake.

— Atakuja, — baba alisema, bila kuniangalia. — Nitamutuma mimi mwenyewe.

Nilienda, wiki mbili baadaye. Nilisimama mbele ya wanawake arobaini na moja na nikasema yote, tangu picha ya ukutani hadi "Zeph Savon". Wengine walicheka, mmoja alisonya, na Mama Sarah-Grâce alikaa mbele kabisa, hakunisaidia hata neno moja. Ningelipa chochote nisiwe mimi siku ile. Lakini hiyo ilikuwa bado mbele. Jumapili ile ya Kabambare nilikuwa nimesimama tu na majivu mikononi, namngoja Blaise achukue simu yake na kuondoka.

Aliichukua simu. Hakuondoka. Alivuta kigoda cha jikoni, akakaa, akatazama mvua.

— Elsa, mimi sijamaliza kukasirika.

— Najua.

— Itachukua siku.

— Najua, Blaise.

— Usiniambie "najua" kila saa.

Nikarudi kwenye masufuria. Baba aliendelea kusukuma tambi, chupa inaenda, inarudi. Kuni zikalia. Mwishowe Blaise alikohoa, akainua uso kuelekea moto.

— Papa, ile firigisi ingaliko?

Chupa ikasimama. Baba alinyoosha mkono, akaishusha kutoka kwenye waya. Moshi wa usiku mzima ulikuwa umeikausha, imekuwa nyeusi na ndogo.

— Imekauka sana, mwanangu. Itakuumiza meno.

— Nitatafuna tu.

Baba aliipangusa kwa aproni, akaiweka kwenye sahani safi, katikati kabisa. Akamimina mvinyo uliobaki kwenye karton, vikombe vitatu vya bati, vidogo. Blaise akavua kofia, akaipokea sahani kwa mikono miwili, akaitia firigisi yote mdomoni. Alitafuna muda mrefu, mimi na baba tukimtazama taya, mpaka alipomeza.